Kona ya Mipaini

Binti yangu alipokuwa kidato cha pili, tumbo lilianza kumuuma kila asubuhi ya siku ya shule. Jumamosi lilinyamaza. Jumapili alikwenda kanisani, akaimba na vijana wenzake, akarudi akala vizuri. Jumatatu, kabla hata sijawasha moto, namsikia kitandani amejikunja, anahema kama mtu aliyepanda mlima.

Nilimpa maji ya tangawizi, halafu dawa ya minyoo. Jirani mmoja akaniambia ni uvivu wa watoto wa siku hizi, na mimi kwa siku chache nilimwamini, kwa sababu uvivu hauogopeshi.

Tunakaa juu ya Olmotonyi, pale mashamba yanapokoma na mipaini ya serikali inapoanza. Wanawake wa huku tunalima viazi na maharage katikati ya miche ya miti. Miti ikikua na kufunika, tunapewa kitalu kingine. Msitu ule naujua kama jiko langu. Shule ya sekondari iko upande wake wa pili, na njia fupi inapita katikati. Watoto hutoka nyumbani bado giza, maana lazima wawe wameshafagia uwanja kabla ya kengele, na anayechelewa humkuta mwalimu wa zamu getini na fimbo. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka huoni mkono wako. Baba yake binti yangu ni mlinzi kwenye nyumba moja Njiro, mjini, huja nyumbani akipata mapumziko. Huwa ananisimulia jinsi watoto wa kule wanavyoingizwa ndani ya gari mlangoni na kushushwa mlangoni. Tulikuwa tunacheka.

Tumbo lilipoendelea nikampeleka zahanati. Nesi wetu ni dada mpole, hana haraka. Alimbonyeza tumbo, akampima joto, akamwangalia usoni kwa muda, kisha akaniambia, "Mama, naomba utupishe kidogo."

Nilikaa kwenye benchi nje. Ndani sikusikia kitu. Nilidhani mimba. Nikadhani ugonjwa. Nesi alipotoka alifunga mlango nyuma yake.

"Si minyoo, mama, wala si vidonda vya tumbo. Huyu mtoto ana hofu."

"Hofu ya nini?"

"Hajaniambia yote. Aliyoniambia ameomba ayaseme mwenyewe, na nimemwambia asichelewe. Hajaumizwa mwili, hilo nimemwomba ruhusa nikuambie. Lakini nikuulize wewe. Anapita njia gani kwenda shule?"

Nyumbani nilimuuliza binti yangu akiwa anachambua mboga. Aliniambia, "Hakuna kitu, mama," bila kuinua macho. Hapo ndipo nilipomkumbuka msichana wa nyumba ya chini, aliyekuwa mbele yake darasa moja. Miezi michache nyuma aliondolewa shule na kupelekwa kwa shangazi yake Babati. Kila mtu alijua sababu. Hakuna aliyeuliza ni nani. Tulisema "amepata matatizo," kama vile matatizo ni mvua, yanamnyeshea yeyote aliye nje.

Kesho yake nilimfuata.

Nilimwacha atangulie na wenzake wawili, nikajifunika shuka kichwani kwa sababu ya baridi, nikawa nyuma yao kwa mbali. Mimi ni mfupi na mwembamba, watu wamezoea kunitania kwamba nimeacha kukua nikiwa darasa la saba. Ukungu ulikuwa mzito. Niliwasikia zaidi kuliko nilivyowaona, na nilichosikia kilinishangaza, kwa kuwa walikuwa hawaongei. Wasichana watatu wa umri ule na hawaongei! Niliposogea nikaona kila mmoja ameshika mkanda wa begi la mwenzake. Walipofika kwenye kona, pale mipaini mikubwa inapoziba njia pande zote mbili, wakaanza kukimbia. Viatu vyao vikapiga chini, vikapotea mbele.

Nikabaki peke yangu kwenye kona. Ndipo nikasikia pikipiki ikinguruma taratibu, taa imezimwa.

Ilisimama ubavuni kwangu. Sauti ya mwanaume ikasema kwa upole, "Mdogo wangu, wamekuacha? Panda nikusogeze. Leo mwalimu yuko getini na fimbo."

Sauti ile niliijua.

"Panda basi, usinichoshe. Au nimwambie mama yako mnayofanya huku?" Mkono ukashika shuka langu begani.

Nililivuta shuka likashuka kichwani. Akawasha taa. Yule kijana ndiye aliyekuwa akinibebea viazi kwenda sokoni Ngaramtoni. Mama yake ni jirani yangu, yeyo wa heshima, ndivyo tunavyowaita akina mama huku, mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyenishika mgongo nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho.

"Shikamoo, mama," akasema.

Na mimi nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Marahaba."

"Baridi sana leo. Nikupeleke?"

"Nakwenda kitaluni."

Akaondoka. Nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa. Kama angenitukana, ningepata nguvu ya kupiga kelele. Salamu ile iliniogopesha kuliko tusi. Mtu aliyeweza kubadilisha sauti haraka vile, nani angeniamini juu yake?

Sikumpigia baba watoto. Namjua. Angeshuka kutoka Njiro na panga, halafu tungekuwa na mfungwa mmoja na yatima kadhaa. Nilivumilia mpaka siku ya kikundi cha wanawake kanisani. Tulikuwa tunachambua maharage ya mwinjilisti, na yeyo, mama wa yule kijana, amekaa mkono wangu wa kulia. Nilisema tu kwamba njia ya msituni si salama kwa watoto, kwamba nimesikia pikipiki alfajiri pale kwenye kona. Sikutaja mtu.

Halafu mama mmoja akasema taratibu, "Wa kwangu anaweka wembe ndani ya soksi. Nilidhani ni wa kuchongea penseli." Mwingine akasema binti yake anaomba kila siku ahamie kwa mama mdogo, Olasiti, na hasemi kwa nini. Wa tatu akaanza kulia kabla hajasema lolote. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake amekificha, akidhani ni aibu ya nyumba yake peke yake. Yeyo aliendelea kuchambua maharage, akatupa mawe, akachambua.

Mwinjilisti alimwita mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akaitisha mkutano ndani ya kanisa. Walikuja wazazi, walimu, nesi, vijana wa kijiwe cha bodaboda, hata wenye maduka. Mzee mmoja alisimama akasema, "Wasichana wa siku hizi wanapenda lifti. Wafundisheni adabu." Wanaume wengine wakaguna kukubali. Nesi ndiye aliyesimama.

"Shikamooni wazee. Mimi nawapokea hawa watoto zahanati. Wanakuja na tumbo, kichwa, kukosa usingizi. Wavulana nao wanakuja, wengine wananuka pombe za chupa ndogo, na ukiwauliza wanasema wanakunywa ili wasifikiri. Hakuna dawa yangu inayotibu njia ya shule. Hakuna dawa yangu inayotibu fimbo ya getini. Mnataka nimtibu mtoto mmoja mmoja, na wanaougua ni wote. Na msichana akipakiwa na mtu mzima, adabu tuulize kwa mtu mzima."

Baada ya hapo mkutano ulibadilika. Haukuwa mzuri, watu walipigiana kelele, lakini ulibadilika. Mkuu wa shule alibanwa mpaka akakubali kufagia kuhamishiwe jioni, na kengele ya asubuhi isogezwe mbele ili watoto wasitembee gizani. Anayechelewa ataulizwa sababu, hatapigwa. Wenye maduka walikubali kuacha kuwauzia wanafunzi zile chupa ndogo, ingawa mmoja alikubali shingo upande. Walimu vijana wawili na fundi seremala wetu walisema watakaa na wavulana uwanjani kila jioni, mpira kwanza, mazungumzo baadaye. Sisi wazazi tukapanga zamu. Kila asubuhi watu wazima wanne watatembea na watoto kupita msitu, mvua au ukungu.

Kijiwe cha bodaboda nacho kikaweka sheria kwamba hakuna kumpakia mwanafunzi bila mzazi kumkabidhi. Mwenyekiti wao akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Nikamwona yule kijana, amekaa mstari wa pili, amevaa shati lake la Jumapili. Alinyoosha mkono kabla ya wengine. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho, akatabasamu.

Usiku ule sikulala, wala uliofuata.

Kutembea na watoto kulikuwa na hofu yake. Mchana msitu ni miti. Alfajiri kila kisiki ni mtu. Mara moja nyati alivuka mbele yetu, tukabanana wote kama kuku, na nilipotulia nikagundua nilikuwa nimefurahi kwamba ni nyati tu. Asubuhi za kwanza watoto hawakuongea mbele yetu. Tuliambiana tusiwahoji. Tulitembea tu, wengine tukisukuma wadogo kwenye matope, wengine tukibeba mabegi. Kidogo kidogo wakaanza. Mvulana mmoja alimwambia fundi seremala kwamba hataki kwenda nyumbani baba yake akiwa amelewa. Fundi hakuhubiri. Alisema, "Leo ukitoka uwanjani pitia kwangu, ule," na yule mtoto akapitia.

Nesi aliona hilo likitokea, akaleta jambo lingine. Akasema kila kijana amchague mtu mzima mmoja, si mzazi wake, wa kumwendea akiwa na jambo. Mtu huyo akikubali, asikilize kwanza, asipige, asitangaze. Na likiwa jambo la kuumizwa, asilifiche, aende na mtoto mahali pa kusaidiwa.

Jioni binti yangu alikuwa anasonga ugali. Nikamuuliza amemchagua nani. Nilitegemea aseme nesi.

"Yeyo wa nyumba ya juu," akasema.

Mama yake yule kijana! "Kwa nini yeye? Katika watu wote?"

Akaendelea kusonga. Mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu. "Mama, najua ulikutana na mwanawe kwenye kona. Nilirudi nikachungulia, nikakuona umekaa chini. Alishanishika mimi begi, nikaliacha nikakimbia. Begi akalileta hapa jioni, wewe ukamshukuru, ukampa chai."

Nilikumbuka chai ile. Nilikumbuka hata sukari niliyomwongezea.

"Aliniambia nikisema atasema mimi ndiye namtafuta. Na yule dada aliyepelekwa Babati alijaribu kusema, bibi yake akampiga. Wewe ukisema, watasema ni mama yangu, lazima anitetee. Baba akisema, ataua mtu. Lakini yeyo akiniamini, nani atasema nimedanganya?"

"Na asipokuamini?"

Hapo ndipo alipoacha mwiko. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na hesabu yote ile aliipiga peke yake, asubuhi baada ya asubuhi, huku mimi namnywesha tangawizi.

"Nimeshamwambia," akasema. "Leo, baada ya shule."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Aliniambia nirudi nyumbani kabla giza halijaingia."

Nilifunga mlango kwa komeo na kigogo. Kesho yake sikwenda kitaluni. Nilimzuia binti yangu asiende shule, nikakaa dirishani. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliichungulia mpaka ikapotea. Nilifikiri, sasa amemwambia mwanawe, sasa wanakuja wote, ukoo mzima. Damu ni nzito. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini.

Alikuja peke yake, jua limeshapanda. Alikuwa amevaa nguo za kanisani. Nilimfungulia nikiwa nimeshika jembe, nadhani hata sikujua nimelishika.

"Weka jembe, mwanangu," akasema. "Vaa viatu. Tunakwenda polisi, dawati la jinsia."

"Shikamoo, yeyo. Karibu kwanza ukae."

"Nikikaa sitainuka." Macho yake yalikuwa yamevimba. "Nilimuuliza jana. Alikana kwa sauti nzuri sana. Nilimzaa mimi, naijua sauti hiyo. Alikuwa anaitumia akiwa mdogo, akiiba maziwa." Akaufuta uso kwa ncha ya shuka. "Yule mtoto wa Babati alikuja kwangu pia, kabla hawajampeleka. Alisimama mlangoni, akaulizia chumvi, akaondoka. Nilijua hakuja kwa chumvi."

Binti yangu alitoka chumbani. Wakatazamana. Yeyo akainama kidogo, binti yangu akapeleka kichwa, na yule mama akaweka mkono juu yake kama tunavyowasalimia watoto siku zote. Mkono ulikaa pale muda mrefu.

Tulikwenda watatu. Askari wa dawati alikuwa mwanamke, aliandika polepole, hakumkemea mtoto. Kijana alichukuliwa kijiweni siku hiyohiyo.

Mtu angedhani hofu iliishia hapo. Ilianza upya. Wazee wa ukoo wao walikuja wakiwa na fimbo zao na maneno ya taratibu, wakitaka mambo yaishe nyumbani, kwa ng'ombe na mablanketi. Yeyo aliwaambia yeye ndiye mama, na hajatuma mtu. Waliondoka wakiwa wamekasirika. Baada ya hapo mbwa wetu alikufa kwa sumu. Mtu alinipigia simu, akapumua tu, akakata. Baba watoto aliomba ruhusa kazini, akakaa nyumbani, na kila siku nilikuwa naangalia panga liko wapi. Mwinjilisti na fundi seremala walikuwa wanakuja kukaa naye jioni, wanaongea habari za mbegu na za mpira mpaka hasira yake ipate usingizi. Watu wa zamu waliongezeka, hata wanaume waliosema wasichana wanapenda lifti. Asubuhi moja tulikuwa wengi kuliko wanafunzi.

Msichana wa Babati alirudi kutoa ushahidi. Alikuja na mtoto mgongoni. Siku ya mahakama tulikaa kwenye ukumbi, mimi, yeye na binti yangu, na yule kijana akapitishwa mbele yetu na askari. Hakusalimia. Niliona vidole vya wasichana wale vimeshikana mpaka kucha zimekuwa nyeupe, nikaweka mkono wangu juu. Alihukumiwa kifungo. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu yeyo alikuwa amekaa mstari wa mbele, na aliposikia miaka akatoa sauti ambayo sipendi kuikumbuka.

Yeyo alijifungia ndani kwa muda. Baadhi ya watu wa ukoo wake mpaka leo hawaingii kwake. Sisi wanawake tulikwenda kwa zamu, tukampikia loshoro ya mahindi na maziwa mgando, tukamfagilia, tukakaa naye bila maneno mengi. Niliogopa asije akanichukia. Siku moja nikamuuliza waziwazi.

"Nakuchukia kidogo," akasema. "Asubuhi. Mchana inapungua."

Kisha akarudi kwenye zamu. Anatembea katikati ya watoto, si mbele wala nyuma.

Yule msichana wa Babati alirudi shule pia, mtoto akabaki na bibi, nyumba ya chini. Siku ya kwanza wote tuliogopa la kusema. Alituangalia tulivyosimama kama waombolezaji, akasema, "Twendeni jamani, tutachelewa," na binti yangu akacheka, na wengine wakacheka, tukaenda.

Sasa mambo mengi yamekuwa mazoea. Wavulana wamepata jezi. Duka moja limerudia kuuza zile chupa, tumelisemea tena. Zamu inalegea wakati wa kulima, kisha jambo dogo linatokea mahali fulani, tunashtuka, inakaza. Mimi sijapona hofu. Nikisikia pikipiki ikinguruma polepole nyuma yangu, hata mchana, hata mjini, nasimama pembeni mpaka ipite.

Mwaka huu binti yangu amepangiwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa ambao sijawahi kufika. Juzi alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, mimi nimekaa kitandani nazikunja na kuzikunjua.

"Kule hatuna mtu," nikamwambia. "Hakuna nesi, hakuna yeyo. Nani atatembea nawe?"

Alilichukua sweta mkononi mwangu, akalikunja vizuri.

"Kule nako kuna watu, mama," akasema. "Nikifika nitawatafuta."

Nilitikisa kichwa kukubali. Basi linaondoka Jumatatu, na tumbo limeanza kuniuma mimi.